Mchele wa Msiba Usiokuwepo

Mwanangu Tusajigwe,

Barua zetu huanza kwa kuulizana hali, ila hali yako naijua. Saa hii uko kanisani na mama yako, akina mama wanakuombea safari, na kama namfahamu mwenyekiti wao, ameshamaliza kuomba kwa Kiswahili na sasa anaanza upya kwa Kinyakyusa. Mimi nimebaki kwa kisingizio cha goti. Goti haliumi hata kidogo. Nilitaka nyumba iwe kimya niandike, na mvua imenisaidia, maana hakuna jirani anayepita kuuliza kesho unaondoka na gari la saa ngapi.

Sitakuandikia habari za sweta, wala pasipoti, wala jinsi ya kula na watu. Hayo mama yako ameyasema, shangazi zako wameyarudia, na yule kijana wa kutoa fotokopi pale mtaa wetu wa Bagamoyo ameyasema tena bila kuombwa. Mimi nakuandikia habari ya ratiba ya mpira. Usicheke kwanza.

Unakumbuka Jumapili ile tulipokula mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, wewe, mama yako, mimi na mjomba wako Gwamaka aliyekuja kutoka Kisondela na pikipiki yake. Ulikuwa unatueleza kazi utakayofanya huko Marekani ukiwa unasoma: saa chache kila siku kwenye ofisi ya michezo ya chuo, ofisi inayopanga mechi za ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu na kubebana kama watu wanaoiba magunia. Ukasema mechi nyingi wanapangiwa na ligi yao, hawana la kuchagua. Ila zipo tatu au nne za nje ya ligi, na hizo kila chuo kinajitafutia chenyewe.

"Kwa hiyo wanatafuta nani?" nikakuuliza.

"Inategemea, baba. Vyuo vikubwa mara nyingi vinaalika chuo kidogo. Kinalipwa kuja."

"Kinalipwa kuja kufungwa?"

"Haijaandikwa hivyo kwenye mkataba."

"Najua haijaandikwa hivyo. Na marudiano?"

"Kwa wadogo hakuna marudiano. Mkubwa haendi kwa mdogo. Marudiano ni kwa wanaolingana, na hayo yanapangwa hata miaka kumi kabla."

Nilishuku palepale. Si wewe, mwanangu, niliushuku mchezo wenyewe. Miaka kumi! Mtu gani mzima anajua timu yake itakuwaje baada ya miaka kumi? Wote wanaotia saini watakuwa wamestaafu wanafuga kuku, na vijana watakaovunjwa mbavu siku hiyo leo wako darasa la tano. Halafu ukaniambia ipo kamati inayochagua timu za kucheza fainali, nayo hutazama umemfunga nani, si umefunga wangapi tu. Nikasema moyoni, haya, kumbe hata huko wameshtukia.

Ndipo mjomba wako akaweka kijiko chini, akacheka lile cheko lake la kutikisa mabega, akasema, "Na wasipotaka kwenda marudiano, huko huwa wanaua bibi wa nani?"

Mlicheka wote. Mama yako alicheka mpaka akafuta macho kwa khanga. Mimi niliomba maji.

Hadithi hiyo umeikuta nyumbani kama ulivyokikuta kinu. Umeisikia tangu hujaota meno: mjomba Gwamaka alikuwa mfungaji wa Ngurumo ya Kawetele, aliogopa kwenda kucheza kwenye jua la Kyela, akasema bibi yake amefariki, watu wa Kyela wakapanda na mchele wa rambirambi, wakamkuta bibi mlangoni anapukuchua maharage. Hadithi tamu. Nimeisikia ikisimuliwa harusini, nimeisikia kwenye ubarikio wako. Na kila ikisimuliwa, mjomba wako hucheka kuliko wote, maana mtu akishachekwa miaka ishirini na zaidi, afanye nini tena.

Sasa soma pole pole. Gwamaka hakusema bibi yake amefariki. Nilisema mimi.

Nimeandika, na mkono haujakatika. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Nilikuwa katibu wa Ngurumo. Kocha alikuwepo, mwenyekiti alikuwepo, lakini ratiba ya mechi za kirafiki ilikuwa kwenye daftari langu na muhuri ulikuwa mfukoni mwangu. Ligi ya wilaya ilikuwa fupi, wiki nyingine zote tulijitafutia. Mimi nilikuwa fundi wa kutafuta. Nilicheza na wachuma chai siku waliyotoka zamu, miguu imekufa. Nilicheza na timu ya walimu wiki ya kusahihisha mitihani. Timu ya kwaya niliialika mara tatu msimu mmoja, mpaka mwalimu wao akaja kuniomba, "Katibu, tuache angalau mpaka Pasaka." Watu walikuwa wanajisifu, Ngurumo haijafungwa, Ngurumo haifungiki, na mimi napita katikati yao kifua mbele. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, nami niliitimiza kwa namna ambayo wahenga hawakuitaka.

Ilikuwa na sababu. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliahidi jezi mpya, za njano, zenye majina mgongoni, kwa timu ya tarafa yetu itakayomaliza mwaka bila kufungwa. Leo unaona jezi ni kitu gani. Sisi tulikuwa tunacheza na fulana za kampeni.

Katika kutafuta kwangu nikawapata watu wa Mpunga, timu ya kijiji kimoja cha Kyela. Hao walikuwa wazuri kweli. Kwa hiyo nikawaalika mwezi wa saba, makusudi. Wewe unajua mwezi wa saba wa kwetu, ukungu mpaka adhuhuri na manyunyu yasiyokata. Watu wa joto wale walishuka kwenye gari na fulana nyepesi, wanajikumbatia. Uwanja wetu nao una mteremko, usipouzoea mpira unaishia kwenye migomba. Tuliwafunga manne bila. Kapteni wao, mrefu mmoja mpole, aliyekuwa anatetemeka midomo, akanipa mkono akasema, "Marudiano kwetu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi." Nikasema, hakuna shida, tukaandika, nikagonga muhuri.

Mwezi wa kumi, Kyela! Jua lile linachemsha ubongo. Nilikaa na daftari langu nikajua tutapikwa, na jezi zitakwenda. Kusema timu ni wagonjwa wasingeamini. Kusema gari limeharibika wangetuma la kwao. Nikatafuta udhuru ambao mtu wa kwetu hawezi kuuhoji, na wewe unaujua kama mimi. Kwetu msiba hauhojiwi. Ukiambiwa fulani amefiwa, jembe unaliacha pale pale shambani.

Nikaandika barua: "Mchezaji wetu tegemeo, Gwamaka, ametuarifu kuwa amefiwa na bibi yake, hivyo timu yote iko msibani." Muhuri. Nikampa kondakta wa basi la Kyela siku ya Jumatano. Kwa nini Gwamaka? Kwa sababu alikuwa na bibi mzee, basi. Sikuwa na ubaya naye. Alikuwa rafiki yangu, tulikuwa tunagawana hata sabuni.

Sasa ona upumbavu wa mtu anayejiona mjanja. Nilijua msiba hauhojiwi. Nikasahau kwamba msiba huendewa.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa uwanjani, tunacheza tena na ile timu ya kwaya. Gwamaka alikuwa ameshafunga mawili. Fuso likasimama barabarani. Wakashuka watu kama ishirini, kimya, wanawake wamejifunga khanga kiunoni, kijana mmoja amebeba gunia la mchele begani, mwingine ana kuku wawili. Kapteni yule mrefu akaja moja kwa moja kwangu, amevua kofia. "Pole sana, katibu. Msiba uko nyumba ipi?"

Mwanangu, nimewahi kuanguka kwenye mparachichi na nikajua kabla sijafika chini kwamba mguu unavunjika. Siku ile ilikuwa hivyo, ila sikufika chini.

Watoto wa uwanjani ndio walioropoka. "Bibi yake Gwamaka yuko pale nyumbani!" Wakawaongoza wageni, uwanja mzima ukafuata, na refa na filimbi yake. Bibi alikuwa mlangoni na ungo wa maharage. Akaona umati, akasalimu, "Ugonile," halafu akauliza kwa wasiwasi, "Mwe, nani amekufa?"

Kapteni akatoa barua yangu mfukoni akaisoma kwa sauti, maskini, pengine alidhani amekosea nyumba. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, hana hata meno, akasema, "Basi upikeni leo niule. Wangapi wamebahatika kula wali wa matanga yao?"

Watu wakaangua kicheko. Na aliyeupika wali ule, na kumtilia bibi sahani ya kwanza, alikuwa msichana mmoja mjukuu wake, dada yake Gwamaka. Ndiye mama yako. Siku ile ndiyo nilimwona vizuri kwa mara ya kwanza, kwa hiyo hata wewe umetokana na gunia lile. Sijui nifurahi au nilie.

Lakini kabla ya wali, kapteni alinigeukia. "Katibu, ni yeye aliyekuambia?" Akamnyooshea kidole Gwamaka, ambaye alikuwa amesimama na jasho lake la mechi, mdomo wazi.

Nilikuwa na nafasi pale. Fupi, lakini ilitosha. Neno moja tu lilihitajika. Nikamgeukia Gwamaka, nikamtazama machoni kama mtu anayesubiri mwenzake ajieleze. Sikusema kitu. Nilimtazama tu. Na uwanja mzima ukamtazama.

"Mimi? Mimi nimesema lini?" alipiga kelele. "Mbele ya Kyala, Mungu aliye juu, mimi?" Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka.

Wageni walikula, wakanawa. Kapteni wakati wa kupanda gari aliniambia maneno ambayo nimelala nayo tangu siku hiyo. "Tungejua mnaogopa jua, tungecheza jioni." Hakuwa na hasira hata kidogo. Ningewaomba tu, Tusa! Ningeandika mistari miwili ya kuomba.

Siku ya pili Gwamaka alikuja kwangu. "Katibu, nani alikuletea habari ile?" Bado aliniamini, unaona? Hakunishuku hata chembe. Nikamwambia mtu mmoja sokoni, simkumbuki sura, alisema ametoka upande wa kwa Asajile. Asajile alikuwa jirani yao, mtu asiye na hatia yoyote. Jina lilinijia tu mdomoni. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilipata matawi. Mpaka leo mjomba wako hamsalimii Asajile. Wakikutana barabarani anageuza uso kwenye mashamba ya chai, na Asajile hajui amekosa nini.

Ningeweza kusema yaliishia kwenye kicheko. Hayakuishia hapo. Mvua za masika zilipoanza bibi alifariki kweli, kwa uzee, usingizini. Na hapo cheko likageuka. Shangazi zake wakaanza, "Alimchuria. Alimtamkia kifo, sasa kimemsikia." Siku ya mazishi nilisimama nyuma, nikaona wanaume wanapokezana jembe kufukia. Gwamaka akanyoosha mkono alipokee. Mjomba wao mkubwa akampita, akampa mwingine. Akanyoosha tena, akapitwa tena. Bibi ndiye aliyemlea tangu ananyonya, na hakumwekea hata pauro moja ya udongo.

Hakugusa mpira tena. Mwaka uliofuata akahamia Kisondela, watu wakasema amefuata shamba la parachichi. Mimi najua alichokimbia. Jezi za njano tulipata, ndiyo. Ile yenye jina lake mgongoni hakuna aliyetaka kuivaa. Niliikuta juzi kwenye sanduku, panya wameila kola.

Unajua nilivyokuwa siku barua ya chuo chako ilipofika. Nilimpelekea mchungaji asome, nikampelekea mwalimu wako wa sekondari, nikaenda kuichungulia juani kama noti. Ulikasirika ukasema, "Baba, kwa nini humwamini mtu?" Nikakujibu kwamba dunia imeharibika. Haikuwa jibu la kweli. Mimi nashuku watu kwa sababu najua mwaliko mzuri unavyoandikwa. Nimeuandika. Najua jinsi muhuri unavyopendeza juu ya uongo. Kila anayenichekea namtafutia daftari lake lilipo, na nimekusumbua wewe na mama yako miaka yote hii kwa ugonjwa niliojiambukiza mwenyewe.

Sikuambii basi uache kushuku. Huko unakokwenda utakaa mezani na watu wenye kalamu nzuri, na ratiba ni kitu kinachoonekana hakina damu, miraba na tarehe tu. Shuku. Wakisema chuo fulani kidogo kimekubali kwa furaha, uliza wachezaji wa chuo hicho wanajua wameitiwa nini. Pengine wanajua, wamekubali kwa akili zao, na fedha hiyo inawajengea bweni. Pengine siku hiyo mdogo atamfunga mkubwa, ulisema hutokea, na mimi nitapiga vigelegele huku Kawetele mpaka majirani watoke. Sina ugomvi na mnyonge anayepanda ulingoni akijua. Ugomvi wangu ni na katibu anayejua peke yake. Na ukijikuta siku moja katibu huyo ni wewe, usitafute wa kumtazama.

Mama yako nilimwambia jana asubuhi, tukimenya ndizi. Aliweka kisu chini. Akasema, "Kwa hiyo kaka yangu alikuwa anasema kweli." Hilo tu. Hakunitukana, na heri angenitukana. Alichukua beseni lake akaenda kumenyea nje, kwenye manyunyu. Leo kabla hamjakwenda kanisani alinijia akiwa ameshavaa, akasema, "Mwambie kaka wewe mwenyewe, kabla mtoto hajaondoka. Na Asajile pia. Usiponiambia umefanya, nitafanya mimi."

Naogopa, mwanangu. Naona aibu kukuandikia hivyo lakini ndiyo kweli. Gwamaka ndiye aliyesimama upande wangu siku ya kutoa ng'ombe wa mahari ya mama yako, akawaambia wazee wao, "Huyu namjua, mpeni." Ndiye aliyekubeba kwenye pikipiki ulipougua malaria ile mbaya. Sina rafiki mwingine wa kweli, watu wengine wote nimewashuku wakachoka. Nikimpoteza huyu nabaki na migomba.

Lakini nimeshamwita. Nimempigia simu kabla sijashika kalamu, ili nisiweze kurudi nyuma. Nimemwambia kesho aje mapema, anywe chai hapa, kabla ya sisi sote kukusindikiza stendi. Akasema, "Shemeji, kuna nini, mbona sauti hivyo?" Nikamwambia nina habari ya mechi ya zamani. Akacheka, "Isije ikawa umeua bibi mwingine." Nikamwambia njoo tu. Wewe utakuwa ndani unafunga mabegi, na mimi nitakuwa naye nje kwenye benchi, na nitamweleza yote, na barua yenyewe, na lile jicho nililomtupia, na jina la Asajile. Nitamweleza bila "lakini" hata moja.

Barua hii naitia kwenye begi lako dogo, chini ya Biblia, na umeniahidi hutaifungua mpaka ndege iwe juu. Kwa hiyo ukifika mstari huu, kesho yangu ni jana yako. Ulikuwepo stendi. Uliona watu wanavyoagana, mama yako analia, kondakta anapiga bodi tuharakishe. Uliona kama mjomba wako alikuja mpaka stendi au alipanda pikipiki yake akarudi Kisondela chai haijapoa. Na kama alikuja, uliona nilipomnyooshea mkono.

Mimi nakaa hapa sijui. Wewe unajua kama aliupokea.

Baba yako